Macho ya Tetere

Idara ya Makumbusho inawakumbusha watumishi wake wote, wa kudumu na wa muda, kwamba mchoro wa kisayansi ni nakala ya kielelezo kilichohifadhiwa. Mchoraji huchora anachokiona mezani, si anachokikumbuka, anachokisikia au anachokitamani. Pale ambapo mchoro na kielelezo vitatofautiana, kosa ni la mchoro. Kielelezo hakikosei.

Waraka huo ulibandikwa juu ya sinki katika chumba cha wachoraji, mahali ambapo mtu anayeosha brashi hana pengine pa kuelekeza macho. Ulikuwa umegongwa mhuri mara mbili, wa pili juu ya wa kwanza, na sentensi ya mwisho ilipigiwa mstari na mtu ambaye hakujitambulisha. Mchoraji mpya, mwanamke wa miaka ishirini na tisa aliyekuja kwa mkataba wa majaribio, aliusoma siku yake ya kwanza akaona una busara. Hakuwa na sababu ya kugombana nao. Maisha yake yote alikuwa amechora kile kilichokuwa mbele yake, na mara nyingi ndicho kilichokuwa kimemponza.

Nyumbani aliitwa Chiriku, kwa sababu alikuwa hasemi. Jina alipewa na baba yake, fundi wa friji, mtu ambaye utani wake aliurudia mpaka ukaganda. Chiriku wa kweli hupiga kelele tangu jua linapochomoza. Huyu wa kwao alifikisha miaka minne akiwa na maneno kama ishirini hivi, na moja alilolitumia zaidi lilikuwa "hapana". Wageni wakimshangaa, baba aliwaambia, "Mwacheni, bado anajaza gesi."

Karatasi alizipata kwa mama. Mama alikuwa mfanya usafi kwenye zahanati, na kila zahanati ilipobadilisha fomu zake, zile za zamani alizibeba nyumbani badala ya kuzichoma. Upande mmoja zilikuwa nyeupe, na mama hakuwa mtu wa kutupa kitu cheupe. Hivyo michoro ya mwanzo ya Chiriku, ambayo hadi leo iko ndani ya begi chini ya kitanda cha mama, yote ina pande mbili. Mbele kuna mjusi. Nyuma kuna nafasi ya kueleza rangi na ugumu wa choo cha mgonjwa. Kuna panya kwenye barua ya rufaa. Kuna buibui, mzuri sana, kwenye cheti cha kumruhusu mtu apumzike nyumbani siku tatu.

Uani kulikuwa na friji za watu. Nyingine zilisubiri vipuri, nyingine zilisubiri wenyewe, na chache zilikuwa zimeacha kusubiri. Moja ya aina hiyo ya mwisho, ya milango miwili, ilisimama chini ya dirisha la jikoni, mlango wake wa juu ukiwa umeng'olewa. Chiriku alipokuwa na miaka saba, tetere wawili walijenga kwenye ile sehemu ya kugandishia barafu. Kwa asiyemfahamu, tetere ni jamii ya njiwa, wa kijivu, mwembamba kidogo, mwenye mstari mweusi nyuma ya shingo kama kola iliyopigwa pasi. Kiota chake ni vijiti kumi na vitano vilivyoangushwa mahali pamoja na kuachwa hivyo. Kutoka dirishani hadi kwenye mayai hakukuzidi urefu wa mkono wa mtu mzima.

Chiriku alihamia dirishani. Alimchora tetere amelala, tetere amekasirika, tetere akimtapikia kinda wake chakula mdomoni. Kwa kuwa fomu zilikuwa nyingi, alimchora jicho peke yake, kubwa kama sahani, jeusi lote, jeusi la mbegu ya papai.

Siku moja mwenye friji alijitokeza.

"Fundi, friji yangu vipi?"

"Ina wapangaji."

"Wapangaji gani tena?"

"Mume na mke. Mtoto mmoja. Hawana fujo."

Mteja alichungulia, akaguna, akasema atapita mwezi ujao. Hakupita, na tetere walikaa kwenye friji ile misimu mitatu bila umeme na bila malalamiko.

Shuleni Chiriku alijifunza kwamba kuchora vizuri ni jambo linalosameheka ikiwa umechora kinachotakiwa. Mwalimu wa biolojia alileta panzi ndani ya chupa, akaamuru darasa limchore na kutaja sehemu zake. Chiriku alipata alama mbili kati ya kumi.

"Panzi ana miguu mingapi?" mwalimu alimuuliza mbele ya wote.

"Sita, mwalimu."

"Hapa nahesabu mitano."

"Huyu ana mitano, mwalimu. Mmoja umebaki kwenye kifuniko."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu alifungua chupa, akageuza kifuniko, akaukuta mguu, akafunga chupa. Alama hazikubadilika. Ila tangu siku hiyo, kila palipohitajika moyo, figo au ua lililopasuliwa, Chiriku aliitwa ubaoni huku mwalimu akikaa chini kupumzisha goti lake. "Chora, mama," alimwambia. "Na usimkate mtu mguu."

Alipomaliza shule hakukuwa na chuo kilichokuwa kikimngoja mlangoni. Alipokelewa na mchora mabango mmoja, mtu mwenye kifua kipana na kikohozi cha tina ya kuyeyushia rangi, aliyekuwa na karakana nyuma ya stendi ya mizigo. Alikaa kwake miaka minane. Alichora kuku wa maduka ya chakula cha mifugo, samaki wa maduka ya samaki, ng'ombe waliogawanywa kwa mistari ya nukta kama ramani ya wilaya. Alijifunza kuvuta mstari mmoja mrefu bila kupumua. Alijifunza pia kwamba bango husomwa na mtu anayepita haraka, ambaye hana muda wa manyoya.

Hilo la pili halikumwingia vizuri. Mwuza nyama mmoja aliagiza mbuzi juu ya mlango wa bucha lake, na Chiriku akampa mbuzi. Alimchora kwa siku tatu, kutoka kwa mbuzi aliyekuwa amefungwa nyuma ya bucha hilohilo, ambaye siku ya nne hakuwepo tena.

"Mbuzi wako ana nini?" mwuza nyama aliuliza.

"Hana kitu. Ni mbuzi."

"Ananitazama."

"Mbuzi hutazama."

"Dada yangu, watu wanakuja hapa kununua nyama. Wakitazamwa namna hii wataenda kununua maharage."

Mchora mabango alipanda ngazi. Kwa mikwaruzo minne ya brashi akampa mbuzi kope ndefu na tabasamu. Mwuza nyama akaridhika kabisa. "Umeona? Sasa anafurahia."

Jioni ile, wakifunga karakana, bosi alimwambia Chiriku, bila hasira, "Mkono unao. Tatizo lako humwonei huruma mteja. Wewe tafuta mahali ambapo mteja ameshakufa." Kisha, wiki mbili baadaye, alimletea kipande cha gazeti alichokikata mwenyewe kwa kisu cha kukatia stika. Idara ya Makumbusho ilikuwa inatafuta mchoraji wa ndege.

Masharti yalikuwa mepesi kueleza. Idara ilikuwa inatayarisha kitabu cha ndege kwa ajili ya shule. Mchoraji angepewa miezi sita na ndege kumi na wawili. Michoro yote kumi na miwili ikikubaliwa, angeajiriwa moja kwa moja. Mmoja ukikataliwa, mkataba ungekoma kwa amani na angepewa barua ya shukrani. Nyumbani neno "kudumu" lilipokelewa kwa heshima. Mama alikuwa amefagia zahanati ileile kwa mkataba wa muda kwa miaka kumi na tisa, akiusaini upya kila baada ya miezi mitatu, na kila mara akiulizwa jina lake.

Ndege waliletwa kutoka chini. Chini kulikuwa na chumba kirefu kisicho na dirisha, chenye harufu ya dawa ya nondo, ambamo mzee mmoja alikuwa akikausha ndege, kuwajaza pamba na kuwasimamisha juu ya vijiti kwa muda wa miaka thelathini na minne. Kila mtu alimwita Mzee Pamba. Juu yake, kwa cheo na kwa ghorofa, alikuwa Mkuu wa Kitengo cha Ndege, mtu mrefu, mpole, mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni. Mkuu hakuwahi kupandisha sauti wala kushusha msimamo. Kadi za maelezo ya ndege wote wale zilikuwa za mwandiko wake.

Chiriku alifanya kazi kama mshonaji wa suti. Kwanza alimpima ndege kwa bikari: mdomo, ukucha, bawa lililokunjwa. Kisha alihesabu manyoya ya mkia, mara mbili, mara ya pili akianzia upande wa pili. Kisha penseli, kisha rangi za maji, nyepesi kwanza, na jicho mwisho wa yote. Michoro kumi na mmoja ilipita. Mkuu aliitazama mmoja mmoja kwa lenzi ya kukuzia, akaiwekea herufi zake za kwanza pembeni, na mara moja alisema, "Hm," jambo ambalo wenzake wa chumba, mmoja wa mimea na mwingine wa samaki, walimweleza kwamba halijasikika tangu jengo lipakwe rangi.

Ndege wa kumi na mbili alikuwa tetere, namba 2214. Alisimama kwenye kijiti kilichopakwa vanishi, kola yake safi, kifua mbele, na macho ya njano kama taa za pikipiki.

Chiriku alimtazama muda mrefu. Ilikuwa kama kukutana na jirani wa siku nyingi amevaa miwani ya mtu mwingine. Alisoma kadi: "Macho: njano." Alishusha kabatini vitabu vinne vya ndege vilivyotolewa na idara miaka iliyopita, na katika vyote vinne akamkuta tetere mwenye macho ya njano, amegeuza kichwa vilevile, kwenye kijiti kilekile. Wachoraji wanne walikuwa wametii waraka. Nje, kwenye ukuta wa maegesho, tetere halisi alikuwa anaokota punje, macho yake meusi.

Alimaliza manyoya kwa siku mbili. Siku ya tatu alikaa na jicho tupu, duara jeupe kwenye karatasi, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake hakujua kilichokuwa mbele yake ni kipi. Mezani kulikuwa na kitu kimoja, dirishani kingine. Akachovya brashi kwenye nyeusi.

Mkuu aliliona jicho kabla hajafika kwenye kiti.

"Binti, hili jicho."

"Ni jeusi, mkuu."

"Naona. La kielelezo ni la njano."

"La ndege ni jeusi. Yuko pale nje, kwenye ukuta wa maegesho."

Mkuu, ambaye alikuwa mtu wa haki, alisogea dirishani, akavaa miwani, akamchunguza tetere kwa muda unaostahili. Tetere naye aligeuza kichwa akamchunguza kwa jicho moja.

"Ni kweli, huyu ana jicho jeusi," Mkuu alisema. "Lakini huyu hana namba."

Mkuu alivua miwani, akauchukua mchoro.

"Yule wa mezani ana namba, ana tarehe, ana kadi. Nikiulizwa, nitamwonyesha. Huyu nikimnyooshea kidole ataruka. Na wako jamaa zake wenye macho ya njano, unawajua?"

"Nawajua. Hao wana duara jekundu la ngozi kuzunguka jicho. Wetu hana."

"Ngozi hupauka ikikauka."

"Na jicho je?"

"Jicho ni kioo. Kioo hakipauki." Mkuu aliurudisha mchoro mezani kwa uangalifu, kama mtu anayerudisha mtoto kwa mamake. "Kazi yako ni nzuri kuliko zote nilizopokea hapa, nakwambia bila kukupamba. Kamati inakaa Ijumaa. Rangi ya njano iko kabatini, rafu ya pili."

Ilikuwa Jumanne. Jioni Chiriku alieleza habari hiyo nyumbani, kwa maneno machache, huku mama akichambua mchele na baba akiwa amelala chali chini ya friji, miguu tu ikionekana.

"Wape njano yao," mama alisema.

"Si ya kweli, mama."

"Mwanangu, mimi nimefagia kwa mkataba wa muda miaka kumi na tisa. Wangeniambia niseme sakafu ni ya kijani, ningesema ni ya kijani na ningesema imependeza. Umebakiza jicho moja tu. Jicho lenyewe la njiwa. Usije ukamwaga unga kwa ajili ya njiwa."

"Tetere."

"Hata huyo."

"Na watoto watakaosoma?"

"Watoto wana macho yao. Wakitoka nje watamwona." Mama alitupa jiwe dogo pembeni. "Ukishaajiriwa, mwaka wa pili, wa tatu, ukishazoeleka, unamrekebisha polepole. Leo kahawia kidogo, kesho kahawia zaidi. Nani atajua?"

Hoja haikuwa mbaya, na Chiriku alijua haikuwa mbaya. Alichoogopa ni kwamba alikuwa ameshaanza kufikiria angechanganya kahawia ipi.

Sauti ya baba ilitoka chini ya friji. "Nani alimtia hayo macho?"

"Mzee mmoja wa chini. Mzee Pamba."

"Ameandika?"

"Ameandika nini?"

Baba alijivuta nje, akaketi, akajipangusa mikono. "Mimi nikitia kompresa ambayo si ya friji ile, naandika kwenye daftari. Si kwa uaminifu, usinitazame hivyo. Ni ili siku mteja akija juu, niwe na pa kumwonyesha kwamba nilimwambia. Fundi aliyezeeka kazini bila kupigwa ana daftari. Kamuulize."

"Na kama hana?"

"Basi alipigwa."

Jumatano asubuhi Chiriku alishuka ngazi akiwa na namba 2214 mikononi. Mzee Pamba alikuwa anamchana kunguru kwa mswaki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunipima? Bado sijafa. Nikifa unichore upande wa kulia, wa kushoto sina meno."

"Nimekuja kwa sababu ya huyu."

Mzee alimwinua tetere kwenye mwanga wa taa. "Ah. Huyu," alisema, kwa sauti ya mtu aliyekutana na deni la zamani. "Macho si yake haya."

Chiriku alisogea kwenye taa. "Ya nani?"

"Ya bundi. Bundi mdogo. Macho meusi namba tano yalikuwa yamekwisha."

"Umeliandika mahali?"

Mzee Pamba alimtazama kama aliyeulizwa iwapo huwa anavaa suruali. Alivuta kiti, akapanda, akashusha daftari kutoka safu ya madaftari yaliyofungwa kwa uzi, akapuliza vumbi, akalamba kidole. Mstari wenyewe ulikuwa katikati ya ukurasa, kwa wino wa bluu, wa miaka ishirini na sita iliyopita: "Tetere, 2214. Macho meusi no. 5 yamekwisha, nimeomba. Nimetia ya njano kwa muda hadi yatakapoletwa."

"Yaliletwa?"

"Walileta misumari."

"Misumari?"

"Katoni nzima. Nikaandika barua kurekebisha, wakaleta misumari mirefu zaidi. Rafu ile pale nimeitengeneza kwa hiyo, haijawahi kutikisika."

"Na wewe hukusema, mzee? Kadi ilipoandikwa?"

Mzee Pamba alimrudia kunguru wake. "Bwana mkubwa alikuwa kijana wakati huo. Ndiyo kwanza ametoka chuoni, anaandika kadi mbili mbili, anapiga mluzi. Nikasema nitamwambia macho yakija." Alichana bawa kidogo. "Halafu akaacha kupiga mluzi, akawa mkuu. Utamwambia mkuu?"

"Mimi nimemwambia."

"Nimesikia. Hata huku chini imefika." Akaweka mswaki chini. "Ijumaa saa ngapi?"

"Saa nne. Lakini mzee, nipe daftari tu, nitalipeleka mwenyewe. Wewe umebakiza miezi mitatu ustaafu."

"Ndiyo maana. Watamfukuzaje mtu aliyeshafika mlangoni?"

Kamati ya Michoro ilikaa Ijumaa saa nne na robo. Watu watano walizunguka meza ndefu, tetere amewekwa katikati juu ya kitambaa cha kijani, mchoro pembeni yake. Tetere wa nje walikuwa wakilia kwenye ukingo wa dirisha kiasi kwamba mwenyekiti hakusikika, akaomba dirisha lifungwe ili suala la tetere lijadiliwe kwa utulivu. Mjumbe mmoja aliuliza iwapo inawezekana kumchora ndege akiwa amefumba macho. Mwingine alisema kwamba vitabu vinne haviwezi kukosea pamoja. Chiriku aliketi kwenye kiti cha ukutani, akijibu aliyoulizwa, na hakuulizwa mengi.

Kisha mlango ukafunguliwa na Mzee Pamba akaingia na koti jeupe lililonyooshwa, daftari kwapani. Aliliweka mbele ya Mkuu, akafungua ukurasa, akaweka kidole kwenye mstari, akarudi nyuma hatua mbili.

Mkuu alivaa miwani. Alisoma mara moja, akageuza ukurasa kuona tarehe, akausoma tena. Alichukua kadi ya 2214 kutoka kwenye jalada, ile ya mwandiko wake wa ujana, herufi zikiwa zimelala kwa haraka, akaziweka karatasi mbili sambamba. Chumba kizima kilikuwa kikimsubiri, na Chiriku aligundua kwamba kati ya wote mle ndani, aliyekuwa na mengi ya kupoteza kuliko yeye ni mmoja tu, naye alikuwa ameshika kadi. Kama angesema daftari la fundi si hati ya kisayansi, lingeishia hapo. Hakuna ambaye angembishia.

"Kumbe niliandika rangi ya kioo," Mkuu alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja saa. Alitoa kalamu, akalikata neno "njano" kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika tarehe ya siku ile pembeni. Halafu akauvuta mchoro, akauwekea herufi zake za kwanza.

Kikao kiliendelea kwa saa nyingine nzima, kwa sababu waraka ulikuwa bado upo. Mwenyekiti alieleza kwamba kamati haina mamlaka ya kuufuta, na kwamba, kwa maoni yake, haujaonyeshwa kuwa na dosari yoyote. Muhtasari wa kikao ulirekodi maamuzi matatu. Mosi, mchoro wa tetere upokelewe kama ulivyo, na mchoraji aajiriwe. Pili, waraka uendelee kutumika. Tatu, kwa kuwa waraka hauruhusu mchoro na kielelezo kutofautiana, marekebisho yafanywe haraka iwezekanavyo.

Chiriku alimpigia mama simu akiwa kwenye ngazi.

"Ya kudumu?" mama aliuliza.

"Ya kudumu."

"Wameandika hivyo, 'kudumu', au wamesema tu?"

"Wameandika. Nimeishika."

Kwa mbali ilisikika ndoo ikiburutwa kwenye sakafu. "Na rangi ilikuwa ipi?"

"Nyeusi."

"Haya," mama alisema. "Ila usizoee."

Jumatatu aliitwa chini. Macho meusi namba tano yalikuwa bado hayajaletwa, na katibu muhtasi alikuwa ametoa chupa ya rangi ya kucha, nyeusi, akaomba tu irudishwe na kifuniko chake. Mzee Pamba alikuwa amembana tetere kati ya vitabu viwili ili asizunguke. Aliomba apewe mchoro, akausimamisha mbele yake kwenye chupa ya spiriti, akaanza na jicho la kulia. Kila tone alilolipaka alisita, akatazama mchoro, akarudi kwa ndege. Alipomaliza la kushoto alipuliza mpaka likakauka. Kisha akachukua sindano, akaichovya kwenye rangi nyeupe, na kwenye kila jicho akaweka nukta ndogo ya mwanga, upande wa juu kulia, kama Chiriku alivyoichora.